Maua ya Hina juu ya Plasta

Nusu ya umri wake Brashi aliishi juu ya ngazi. Alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na jina alilopewa na mama yake lilikuwa limekwisha kusahaulika na watu wote isipokuwa mkewe, ambaye naye hakulitumia ila akiwa amekasirika. Kinyozi, muuza dawa, fundi viatu, mwenye mashine ya kusaga, wote walikuwa wameandikwa ukutani kwa mkono wake: herufi nene zenye kivuli upande mmoja, na pembeni mkasi, au chupa, au gunia la unga lenye uso wa kicheko, au kiatu kinachong'aa kuliko viatu vyote vilivyowahi kutengenezwa mle ndani. Mgeni akipotea mtaani alielekezwa kwa kazi za Brashi. "Ukifika penye gunia linalocheka, kata kushoto."

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Mwenye duka anapeleka picha asubuhi, jioni bango limetundikwa, rangi zake kama peremende. Hakuna aliyemfukuza Brashi. Waliacha tu kumwita, mmoja mmoja, hadi siku alipoiona ngazi yake imeegemezwa uani na kuanikwa mashuka. Akajiambia kwamba heri, maana magoti yalikuwa yameanza kulia kila akipanda. Yalikuwa maneno ya sizitaki mbichi hizi, na mwenyewe alijua.

Mwanamume aliyezoea kushinda ukutani akikaa nyumbani, nyumba hupungua upana. Yao ilikuwa na vyumba viwili na ua, na chumba cha mbele kilikuwa cha kazi ya mkewe. Mkewe aliitwa Mama Pacha tangu alipojifungua mabinti wawili kwa mpigo. Mabinti wenyewe walikuwa wamekwisha kuolewa na kuhamia miji mingine, lakini jina lilibaki. Alikuwa fundi wa hina. Chumba chake kilikuwa na godoro jembamba la kukalia, mito ya kulazia mikono ya wateja, taa ya meza yenye shingo ya kukunjika, na rafu ndefu ya makopo ya unga wa hina. Ukiingia ulipokewa na harufu ya limau na mafuta ya mkaratusi kabla hujapokewa na mwenye nyumba.

Kila siku Brashi alipita mlangoni na kikombe chake cha chai, akasimama, akautazama mkono wa mteja.

"Hilo jani limelala upande mmoja," alisema siku moja.

"Majani hulala, Baba Pacha. Hili si bango la duka la dawa."

"Nasema tu."

"Kasemee kwa kinyozi."

Basi akaenda kwa kinyozi, ambako kulikuwa na benchi, redio na watu wenye muda wa kumsikiliza. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake mpaka siku mkewe alipoanguka.

Kuanguka kwenyewe kulikuwa kwa kutia aibu. Brashi, miaka yote ile juu ya ngazi, penye upepo na penye nyuki, hakuwahi kuteleza. Mama Pacha alipanda kigoda cha jikoni kuchukua kopo la unga, kigoda kikapinduka, akauangukia mkono wake wa kulia. Hospitali walimpiga picha, wakasema mfupa umevunjika penye kifundo cha mkono, na bwana mmoja mchangamfu wa chumba cha plasta akamfunga kuanzia mashina ya vidole hadi karibu na kiwiko.

"Usiiloweshe, usijikune ndani kwa kijiti, usibebe ndoo," alimwambia. "Mengine yote ruksa."

Tatizo ni kwamba kazi yake haikuwemo katika hayo mengine. Koni ya hina ni karatasi ya plastiki iliyokunjwa kama ya karanga, nayo hukamuliwa kwa kidole gumba na kile cha pili yake, na gumba la Mama Pacha lilikuwa halina nguvu hata ya kufungua kitasa. Na kulikuwa na ahadi. Mwalimu wa hesabu wa sekondari ya jirani alikuwa anaolewa mwishoni mwa wiki iliyofuata, na alikuwa ameomba apakwe mikono yote miwili na Mama Pacha mwenyewe.

"Mwelekeze kwa fundi mwingine," Brashi alisema.

"Nani? Yule wa pale kituoni anachanganya na dawa ya kutia nywele weusi. Muda mfupi tu mkono mweusi tii, na baadaye malengelenge. Nimewahi kuuona mkono wa hivyo, Baba Pacha, na alama haijatoka mpaka leo. Hina ni jani limesagwa. Jani halitoi rangi ya viatu."

"Basi nitachora mimi," alisema, nusu mzaha.

Mama Pacha alicheka mpaka plasta ikamgonga kifuani. Kisha akanyamaza, akamtazama mumewe jinsi seremala anavyoutazama ubao, kuona kama unafaa au ni kuni. Asubuhi yake, chai haijapoa, akamwita chumba cha mbele.

"Osha mikono kwanza," alisema, "ndipo ukae."

Alianza kwa kumfundisha kukoroga. Unga ulichekechwa kwa kitambaa chepesi, ukarudiwa tena, maana punje moja ya kijiti huziba koni na kuharibu mstari. Maji ya limau yakamiminwa kidogo kidogo. Ikaja sukari, ili rojo lishike kwenye ngozi lisipukutike mapema, kisha mafuta ya mkaratusi, yanayoita rangi. Brashi alikoroga kama alivyozoea kukoroga rangi ya mafuta, kwa mkono mzima na bega juu, hina ikamrukia shatini.

"Taratibu. Koroga kama unambembeleza mtu. Ukiigombeza inafanya mabonge."

Ikafunikwa, ikaachwa penye joto hadi siku ya pili, hadi uso wake ulipogeuka kahawia na chini ikabaki kijani. Hapo ndipo ilikuwa tayari.

Kukoroga alikuweza. Kuchora kukamshinda. Yeye aliyeandika mtaa mzima alikuwa amedhani kwamba mstari ni mstari, lakini brashi huvutwa. Ncha yake inagusa ukuta na mkono unausikia ukuta. Koni haigusi kitu. Rojo linatoka kwenye tundu dogo kama uzi, nawe unaushika uzi huo hewani, juu kidogo ya ngozi, unaulaza. Brashi alikwaruza. Mistari yake ya kwanza, aliyoichora juu ya sinia la bati, ilianza minene ikaisha myembamba kama panya na mikia yao. Aliporudia, ikawa panya wasio na mikia.

"Usiisukume," mkewe alimwambia. "Iache ianguke, wewe uifuate."

"Nikiifuata itanipeleka wapi?"

"Inakokwenda. Wewe umezoea kuta."

Alijaribu kwenye mguu wake mwenyewe, vinyweleo vikaota katikati ya ua. Alijaribu kwa rafiki yake kinyozi, aliyejitolea mgongo wa mkono huku akijipindapinda kwa sababu ilimtekenya. Kilichotoka, mteja mmoja alisema ni samaki na mwingine akasema ni ramani. Kinyozi alikaa nacho juma zima, maana hina haijali sabuni, na kila aliyeketi kunyolewa aliuliza. Kinyozi alijibu kwamba ni kazi ya msanii chipukizi. Brashi alicheka na wenzake, lakini jioni alimwambia mkewe kwamba mzoea udalali duka haliwezi. Amwambie tu mwalimu atafute kwingine.

"Tutaona," Mama Pacha alisema.

Mchana wa siku iliyofuata Mama Pacha alisinzia kwenye kiti, mkono wenye plasta umelala juu ya mto. Taa ya kazi ilikuwa imeachwa inawaka. Brashi aliingia kuizima, akasimama na mkono hewani.

Plasta ilikuwa nyeupe. Ilikuwa nyeupe kama ukuta uliopigwa chokaa ukakauka vizuri, ukuta usio na jina wala mkasi wala gunia. Alikuwa hajasimama mbele ya kitu kama hicho kwa muda mrefu mno. Alitazama huku na huku kama mwizi wa kuku, kisha akaenda nyuma ya mlango akatoa fimbo yake.

Wachoraji wa mabango wanaijua fimbo hiyo. Ni mti mwembamba wenye bonge la kitambaa kwenye ncha moja. Unaishika kwa mkono wa kushoto, unaliegemeza bonge pembeni ya kazi, na mkono wa kulia unatulia juu ya fimbo ukielea, bila kugusa rangi mbichi. Siku zote zile za kujifunza hakuwa ameikumbuka. Alikuwa akichora huku mkono wake unaning'inia kama nguo kwenye kamba, na nguo kwenye kamba haikosi kupepea. Sasa aliliweka bonge juu ya mto, mkono ukatua kwenye fimbo, na koni ikajikuta palepale mkewe alipokuwa akimwambia, juu kidogo. Uzi ukaanguka. Akaufuata.

Alianza na mmea unaotambaa, karibu na vidole. Ukatoa jani, jani likataka jani la pili, kikonyo kikajikunja, ua likafunguka. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, upande mmoja wa kila jani akautia kivuli cha mistari midogo, kama alivyozitia herufi zake. Mama Pacha alipofumbua macho alikuta bustani kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, na mumewe amepiga magoti sakafuni, magoti yaleyale mabovu, ulimi umechungulia pembeni ya mdomo.

Alitazama kwa muda mrefu. Akaugeuza mkono huku, akaugeuza kule.

"Waliniambia isilowe," alisema hatimaye.

"Haijalowa. Imepambwa."

"Na hili jani," alisema, akilionyesha kwa kidevu, "limelala upande mmoja."

Brashi aliinua macho kuona kama ni utani. Ulikuwa utani, ila macho ya mkewe yalikuwa na maji kidogo, naye akayasingizia mafuta ya mkaratusi.

Kwenye plasta rangi haikushika kama inavyoshika kwenye ngozi. Rojo lilipokauka na kupukutika liliacha kahawia hafifu, kama chai yenye maziwa mengi. Ilitosha. Siku chache baadaye mwalimu wa hesabu alikuja kumpa Mama Pacha pole, akifuatana na shangazi yake. Mwalimu alikuwa mtu wa maneno machache na vicheko vingi, na shangazi alikuwa kinyume chake. Alikuwa amemlea mwalimu tangu utotoni, na harusi hii alikuwa ameibeba peke yake kama mzigo wa kuni, hataki mtu amtue.

"Pole sana, dada yangu," shangazi alisema, na kabla hajakaa sawasawa akaongeza, "sasa itabidi tutafute fundi mwingine. Si kwa ubaya."

Mwalimu hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameiinamia plasta.

"Mama, nani amekupaka hii?"

Mama Pacha alielekeza midomo mlangoni, ambako Brashi alikuwa anaingia na sinia la chai.

"Baba mwenyewe?" mwalimu aliuliza.

"Nimefanya nini?" Brashi alisema.

Shangazi alikaa wima. "Mwanamume ndiye amshikeshike mikono bibi harusi wetu? Hapana jamani. Huyo mkwe nitamwambia nini?"

"Hamshiki," Mama Pacha alisema kwa upole. "Baba Pacha, weka hiyo chai ulete fimbo."

Brashi akaleta, akawaonyesha. Mkono wa bibi harusi unalala juu ya mto, alieleza, na wa fundi unalala juu ya fimbo, na kinachokutanisha mikono hiyo ni uzi wa hina basi.

"Na mimi nitakuwa nimekaa hapa hapa," Mama Pacha aliongeza. "Mkono umevunjika, macho hayajavunjika."

Shangazi alifikiri. Hakuwa mtu wa kushindwa kabla chai haijamiminwa. "Mabango ni makubwa," alisema. "Kidole ni kidogo."

Mwalimu akakunjua mkono wake wa kushoto, kiganja juu, akaulaza kwenye mto. "Baba, nichoree duara. Moja tu, hapo katikati."

Brashi alichukua koni. Shangazi akajisogeza karibu aone. Alivuta pumzi, akaiachia, na pumzi ilipokuwa inatoka akachora. Duara ukilianza usisimame kufikiri. Hilo alilijua tangu ujana, kwa magurudumu yote aliyowachorea mafundi baiskeli. Uzi ulizunguka kiganja ukarudi ulikotoka, usijue ulianzia wapi.

Mwalimu aliuinua mkono hadi usawa wa macho, akaugeuza taratibu, kisha akaanza kucheka. "Mimi nina bikari kubwa ya mbao darasani, na bado duara langu wanafunzi wanaliita yai. Shangazi, fundi nimempata."

"Duara moja si mkono mzima," shangazi alisema, lakini chai aliinywa, na kikombe cha pili hakukikataa.

Siku ya kazi yenyewe walikuja asubuhi. Mwalimu hakutaka maua mengi. Alitaka maduara yanayoingiliana, pembetatu ndogondogo, mistari inayokwenda sambamba hadi ncha za vidole, na jani moja moja la kupumzisha macho. Brashi aliposikia hivyo alijisikia kama mtu aliyekaribishwa kwao. Mama Pacha alikaa pembeni na bakuli la maji ya limau na sukari, na kila sehemu iliyoanza kukauka aliidondoshea kwa pamba, kwa mkono wa kushoto, ili rojo libaki na unyevu lizidi kuachia rangi.

Ngozi ilimfundisha mambo. Ina joto, inapumua, na mwenyewe akicheka inakunja mstari uliokuwa umenyooka. Mara mbili Brashi alisimama akamngoja mwalimu amalize kucheka.

"Samahani, Baba."

"Usijali. Ni mara yangu ya kwanza kuchora ukuta unaonicheka."

Mkono wa kwanza ulikamilika salama. Wa pili ulikuwa unakaribia kwisha mafuta ya mkaratusi yalipompanda mwalimu puani. Alipiga chafya, mkono ukaruka, na mstari mnene ukapita mgongoni mwa mkono, kutoka kwenye duara kubwa hadi kwenye kifundo, kama barabara iliyopita katikati ya shamba la watu. Brashi hakufikiri. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, ukatoka na kitambaa alichofutia makosa maisha yake yote.

"Baba Pacha," mkewe alisema, kwa sauti ile anayosemeshwa mtoto aliye karibu na moto. "Unataka kumfuta bibi harusi kwa mafuta ya taa?"

Shangazi alikuwa tayari amesimama. Kitambaa kikatolewa nje, na harufu yake ikakifuata shingo upande. Mama Pacha akachukua pamba mbichi akafuta kilichofutika, lakini hina haikawii, na tayari ilikuwa imeacha mstari mwembamba wa rangi ya machungwa.

"Imeharibika," shangazi alisema.

"Hina haifutwi, inageuzwa," Mama Pacha alijibu, kisha akamgeukia mumewe. "Ifanye iwe kitu."

Brashi aliutazama ule mstari. Ukutani angepaka nyeupe juu yake akaanza upya. Hapa hapakuwa na nyeupe. Akauinamia, akaupa mstari unene kidogo katikati, akauwekea jani, la pili, la tatu, mpaka ukawa shina linaloshuka kutoka kwenye duara kama mmea uliochoka kukaa kwenye hesabu ukaamua kutoka nje. Kisha akarudi kwenye mkono wa kwanza akachora shina kama hilo, ili ionekane lilikusudiwa. Mwalimu alisema hapo ndipo palipompendeza kuliko pengine pote. Shangazi akaketi tena, na kwake yeye hiyo ilikuwa sifa.

Lakini shughuli haikuishia hapo. Jioni rojo lilipokwanguliwa kwa mgongo wa kisu, rangi iliyotokea ilikuwa ya machungwa, kali, isiyo na haya.

"Karoti," shangazi alisema. "Mtoto wangu anakwenda kuolewa na mikono ya karoti."

"Asiguse maji mpaka kesho," Mama Pacha alisema. "Leo huwa hivyo. Hiyo rangi bado changa, itakomaa yenyewe."

Brashi alikuwa ameyasikia maneno hayo kupitia ukutani kwa miaka, mkewe akiwatuliza wateja wapya, na hakuwahi kuyatilia shaka. Sasa kwa kuwa kazi ilikuwa yake, hakuyaamini hata kidogo. Alikwenda kwa kinyozi akashindwa kukaa. Alirudi nyumbani akashindwa kula. Mkewe alikuwa anaponda maharage kwa uma kwa mkono wa kushoto, akiimba kwa sauti ya chini.

"Wewe huogopi?"

"Niogope nini? Unga nimeuchagua mimi."

Asubuhi mlango uligongwa mapema. Alikuwa shangazi, uso mkavu kama daftari la deni, na nyuma yake mwalimu, mikono ameificha mgongoni kama mwanafunzi mtoro. Brashi akasogea kuwapisha. Mwalimu akatoa mikono. Viganja vilikuwa vya rangi ya kahawa iliyokolea, migongo ya mikono nyepesi kidogo, na kila mstari umesimama peke yake, safi, duara ndani ya duara, na mashina mawili yakishuka kuelekea kwenye vifundo.

Brashi akaiinamia mikono, akaikagua kidole kwa kidole. Kisha shangazi akavua viatu, akapita katikati yao, akaketi kwenye godoro na kukunja mikono ya gauni.

"Na mimi," alisema. "Lakini mimi nataka maua. Hizo hesabu mwachie mwenyewe."

Siku ya kutolewa plasta, yule bwana wa hospitali alikuja na msumeno wake mdogo wa umeme, akautazama mkono wa Mama Pacha, akauzima msumeno.

"Mama, mimi hii siikati."

"Basi nizikwe nayo?"

Aliwaita wenzake waone. Akina mama waliokuwa kwenye foleni nao wakajisogeza mlangoni, mmoja na mtoto mgongoni, mwingine na mguu wake uliofungwa, wakiuliza fundi huyo anapatikana wapi. Mama Pacha akawaeleza njia, akianzia penye gunia linalocheka. Mwishowe bwana wa plasta akaikata ubavu huu na huu, akipenya baina ya tawi na tawi kama mtu anayepita shambani asikanyage miche, akaomba aachiwe yale maganda mawili. Akayatundika kwenye ukuta wa chumba chake. Muda si mrefu akatuma ujumbe: kuna watoto wanaolia wakiona msumeno na wanaolia wakiona plasta, je, mzee anaweza kupita asubuhi mojamoja? Brashi akawa anapita. Watoto hawakutaka maua. Walitaka lori, na lori alilijua.

Si kila kitu kilirudi kama zamani. Mfupa wa Mama Pacha uliunga, ila nguvu ya gumba haikurudi yote. Asubuhi moja Brashi alimwona uani, amekaa nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, koni mkononi na sinia mapajani. Mistari aliyoichora ilikuwa panya na mikia yao. Brashi akarudi ndani kwa ncha za vidole. Mama Pacha alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa ameosha uso.

"Kuanzia sasa koni ni yako," alisema. "Rojo ni langu. Na miadi ni yangu, na wateja wakaidi ni wangu, maana wewe shangazi mmoja tu alitaka kukutoa roho."

"Na mimi nina nini?"

"Una kazi, Baba Pacha. Hujaona watu wanaongoja barazani?"

Mama Pacha akawa msimamizi wa kweli. Aliketi pembeni ya kila mkono, akaonya, akasifu kwa kubana, akawarudisha nyumbani waliotaka rangi nyeusi ya haraka. Kinyozi alisema tangu Brashi apate kazi benchi limepwaya, lakini mwenyewe ndiye aliyemtangaza kwa kila kichwa alichokinyoa.

Jumapili moja hawakuwa na mteja. Mama Pacha alikuja na koni aliyoijaza mwenyewe, akaketi penye nafasi ya wateja, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya mto. Ulikuwa umepungua, na ngozi iliyokaa ndani ya plasta ilikuwa bado nyororo, rangi yake hafifu kuliko ya mkono mwingine.

"Mganga hajigangi," alisema. "Wa kushoto nimekuwa nikijipaka. Huu wa kulia haujapata hina tangu niijue kazi hii, maana wa kushoto haujui kuchora."

Brashi alinyoosha mkono nyuma ya mlango.

"Fimbo ya nini?" mkewe aliuliza. "Mimi si mteja."

Akaushika basi, akaulaza kwenye kiganja chake. Alichora polepole. Mama Pacha hakumkosoa hata jani moja, jambo lililomtia wasiwasi. Alipomaliza wa kulia, mkewe akatoa na wa kushoto, akisema hawezi kutembea kama mtu aliyevaa soksi moja.

Hapo ndipo simu ilipoita. Alikuwa mmoja wa mapacha.

"Baba, Mama yuko wapi?"

"Yupo. Amekaa kama bibi harusi."

"Mpe simu."

"Hawezi kuishika, ana hina mbichi mikono yote miwili. Ngoja nimshikie."

Akaiweka sikioni kwa mkewe, akidhani kwamba ni salamu tu. Binti alikuwa na habari za watoto, za jino lililoota, za mama mkwe aliyekuja kwa siku mbili akakaa mwezi. Mama Pacha aliegemea mto, akanyoosha miguu, akauliza maswali yote yaliyostahili kuulizwa na mengine ya ziada. Mkono wa Brashi ukaanza kufa ganzi. Akaubadilisha. Alipomwonyesha kwa macho kwamba amechoka, mkewe alimwonyesha kwa macho kwamba hina bado haijakauka.